Msimbazi: Mto Uliogeuzwa Mfereji wa Jiji

Miji mingi ya Ulaya na Marekani iliyotajirika kwa viwanda ilichimba mifereji kwa sururu na makoleo, ili mashua zipitishe makaa ya mawe, pamba na chuma kati ya kiwanda na bandari. Na reli na malori yalipoinyang'anya mifereji hiyo kazi yake, ikabaki na maji meusi yasiyo na mwenyewe, mpaka vizazi vya baadaye vikairudia kwa gharama kubwa ili kuisafisha. Dar es Salaam haikuchimba mfereji wa namna hiyo. Iliupata bure, maana mto Msimbazi ulikuwapo kabla ya mji, na viwanda vilipokuja vikaukuta umelala pale pale palipovifaa, chini ya kuta zao, ukielekea baharini bila ya kudai ujira. Msimbazi haukuwa njia ya majahazi. Shehena yake ilikuwa ya kuteremka tu, nayo ilikuwa rangi za vitambaa, damu ya machinjio, mafuta ya gereji na uchafu wa vyoo.

Mto wenyewe huanzia katika vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, penye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyowekwa chini ya hifadhi tangu zama za Waingereza. Kutoka huko huteremka kupitia Kinyerezi, Segerea, Tabata na Vingunguti, ukakatwa na Barabara ya Mandela pale Matumbi, ukapita baina ya Kigogo na Ilala, na njiani ukapokea vijito vinavyotoka Ubungo na Sinza. Kisha ukifika Jangwani, baina ya Magomeni na Kariakoo, hujitandaza katika uwanda mpana, ukazunguka nyuma ya Muhimbili na Upanga, na hatimaye ukajipenyeza katika mikoko hadi baharini chini ya daraja la Salenda. Safari hiyo yote ni takriban kilometa 35, na ardhi inayoumiminia maji yake ya mvua ni kama kilometa za mraba 270. Mwalimu Nyerere, ambaye alisomesha Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 na kisha akakaa Magomeni katika nyumba ambayo leo ni makumbusho, aliishi karibu na ncha zote mbili za mto huu, ya juu na ya chini. Na sijui kama yuko kiongozi mwingine wa nchi aliyepata bahati hiyo.

Haifai kulaumu mto kabla ya kuelewa tabia yake. Maji yanayoteremka kutoka vilimani huja kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayobeba mchanga. Yakifika Jangwani, ambako ardhi ni tambarare na bahari iko karibu, kasi hupungua, na saa ya maji kujaa hupungua zaidi kwa kuwa bahari nayo husukuma kuja bara. Maji yaliyopoteza kasi hayana budi kutua mzigo wake. Ndiyo maana kwa karne nyingi Msimbazi ulikuwa ukijenga uwanda wa Jangwani kwa mchanga na tope lake, na kila masika ulikuwa ukirudi kukaa kwa siku chache mahali ulipopajenga wenyewe. Kwa lugha ya sheria ya ardhi tungesema kwamba mto ni mmiliki wa asili, na kwamba wengine wote waliofuata ni wapangaji, baadhi yao wakiwa na hati na baadhi yao hawana.

Mji ulioanzishwa na Seyyid Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na ambao Wajerumani waliufanya makao makuu yao mwaka 1891, ulikuwa mbali na bonde hili, umejikunyata kando ya bandari. Ulipokua ukagawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini katikati, na Waafrika nyuma ya uwazi wa Mnazi Mmoja, mahali ambapo wapagazi wa jeshi la Waingereza walipiga kambi katika Vita vya Kwanza na pakaitwa Kariakoo. Kwa watu wa Kariakoo, bonde la Msimbazi lilikuwa ukingo wa mji, mahali pa mashamba na mbu. Habari ya mbu si mzaha: Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kuendelea na uchunguzi wake wa malaria hapa hapa, na serikali zote mbili za kikoloni zilitumia fedha katika kuchimba na kusafisha mitaro ili maji yaliyotuama yatoke. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walipojenga nyumba za kota kwa ajili ya Waafrika waliozidi kumiminika mjini, wakazijenga Ilala, Temeke na Magomeni, na Magomeni ikawa ng'ambo ya pili ya bonde. Kuanzia hapo Msimbazi haukuwa tena ukingo wa mji, bali ulikuwa katikati yake, na Barabara ya Morogoro ikalazimika kuuvuka kila siku.

Hapana mtu awezaye kusema kwamba wakuu wa mipango hawakuonywa, kwa sababu waonyaji walikuwa wao wenyewe. Jiji limewahi kuandikiwa mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, na wataalamu wageni walioiandika, Waingereza mara ya kwanza na Wakanada mara ya mwisho, hawakuona sababu ya kujenga katika mabonde ya mito. Mpango wa 1979 uliyataja waziwazi kuwa ardhi ya hatari. Lakini mpango ni karatasi, na mtu anayetafuta mahali pa kulala hali ya kuwa mshahara wake hautoshi kupanga chumba Sinza hasomi karatasi hiyo. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Baina ya hesabu hizo mbili kuna watu waliojenga Hananasif, Mkwajuni, Kigogo, Mchikichini na Magomeni Suna, hatua kwa hatua wakiteremka kuelekea majini, kwa kuwa bondeni kiwanja kilikuwa rahisi, na Kariakoo kwenye riziki ulifika kwa miguu.

Viwanda vilitangulia. Serikali ya uhuru, ikiwa na azma ya kuacha kuuza pamba ghafi na kununua kanga kutoka ng'ambo, ilijenga kwa msaada wa China kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968, na jirani yake kikafuata kiwanda cha zana za kilimo kilichofua majembe. Upande wa pili, kandokando ya Barabara ya Pugu na huko Vingunguti, viwanda vingine vilisimama safu kwa safu, na machinjio ya ng'ombe pamoja navyo. Kila kimoja kilikuwa na fahari yake na wafanyakazi wake, na wazee wengi wa Magomeni walisomesha watoto kwa mshahara wa Urafiki. Insafu yatudai tuseme hivyo kabla ya kusema jambo la pili, nalo ni kwamba maji yaliyooshea vitambaa yalikuwa sharti yaende mahali, na mahali penyewe palikuwa kijito cha Ubungo, kisha Msimbazi. Viwanda vingi vya namna hiyo vilidhoofika katika miaka ya 1980 na 1990, na mtu angetaraji kwamba mto ungepata nafuu. Haukupata, kwa sababu nafasi ya rangi za vitambaa ilichukuliwa na uchafu wa watu, ambao haujui kufilisika.

Kisa cha taka za jiji nacho kinastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Dampo la jiji lilikuwa Tabata, katika bonde la Msimbazi, na mwaka 1988 wakazi waliochoshwa na moshi, nzi na harufu waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likapewa, likaomba tena, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akalikatalia, akisimamia haki ya mtu ya kuishi iliyokuwa imeandikwa katika katiba, uamuzi ambao hata leo hutajwa na wanasheria wa mazingira. Basi taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Hatima ya safari hiyo yote taka zilirudishwa Vingunguti, ambako nako ni bonde la Msimbazi. Mtu akitaka kujua maana ya mfereji katika mji usio na mabomba ya kutosha, haimpasi kwenda mbali kuliko kisa hiki: watu walikuwa na mawakili, na mto haukuwa nao.

Sehemu kubwa ya nyumba za jiji hazikuunganishwa kamwe na mabomba ya majitaka. Zina mashimo, na shimo likijaa sharti linyonywe na gari, na gari lina bei yake, na tena haliingii katika vichochoro vya Mzimuni au Tandale. Kwa hiyo kuna amali ambayo kila mtu wa mabondeni anaijua, nayo huitwa kutapisha choo: mwenye nyumba hungoja mvua kubwa ya usiku, akatoboa tundu ubavuni mwa shimo au akazibua bomba alilolitega tangu siku ya kujenga, na mafuriko yakabeba yaliyomo kwenda kwa jirani wa chini, ambaye naye hufanya vivyo hivyo. Asubuhi maji yote huwa yamefika Jangwani. Ndiyo sababu kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam aghalabu kilifuata mabonde.

Na katika bonde hilo hilo hulimwa mchicha. Asubuhi na mapema wakulima huonekana na makopo ya kumwagilia yaliyotobolewa vitundu, wakipita baina ya matuta ya mchicha, matembele na bamia, wakichota mtoni au katika visima vya pembeni, na kabla jua halijawa kali mafungu huwa yamefungwa kwa ukindu na kufikishwa sokoni. Watafiti waliopima maji, udongo na mboga za bonde hili walikuta madini mazito, risasi mojawapo, kupita kiasi kinachokubalika. Mchicha haubadiliki rangi wala ladha kwa risasi, na mnunuzi hana la kuuliza. Hivyo jiji lililoutupia mto uchafu wake limekuwa likirudishiwa sehemu ya mali yake kwa fungu, na likiilipia.

Mvua za Desemba 2011 ndizo zilizolifanya jambo hili lisiweze kufichika tena. Zilinyesha kwa siku tatu mfululizo, wataalamu wa hali ya hewa wakasema hazikupata kuonekana mfano wake tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu wakalala katika madarasa ya shule. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, upande wa Bunju. Wengi walikwenda, na wengi wao wakarejea, kwa sababu fundi viatu wa Kariakoo hapati wateja Mabwepande, na nauli ya kwenda na kurudi humaliza alichokipata. Desemba 2015 serikali ikaja kwa namna nyingine: nyumba ziliandikwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na tingatinga zikaingia Mkwajuni na Magomeni Suna, kwa hoja kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Hoja ilikuwa ya kweli. Lakini miezi michache baadaye, Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalianza safari zake, na karakana yao kuu ilikuwa imejengwa wapi? Jangwani, katika uwanda ule ule wa mafuriko, kwa fedha za umma na kwa ramani za wahandisi. Kila masika tangu hapo maji yaliingia karakanani, mabasi yakahamishwa usiku, na Barabara ya Morogoro ikafungwa, abiria wa Kimara na Ubungo wakizungushwa kwa njia ya Kigogo au Salenda. Mjane aliyevunjiwa chumba kwa kujenga bondeni alikuwa na haki ya kuuliza kama mita 60 zilipimwa kwa kamba moja. Hata uwanja wa Kaunda wa klabu ya Yanga, ambao jengo lao liko pale Jangwani, uliliwa na maji na magugu. Ilhali klabu ya Simba, wajiitao watu wa Msimbazi, wana jengo lao juu Kariakoo, katika mtaa wenye jina hilo, nao hawakulowa.

Nyumba iliyoishi na maji kwa miaka mingi hujulikana kwa mlango wake. Upande wa Magomeni utaziona zenye kizingiti cha saruji kilichopanda mpaka magotini, ambacho mgeni hukiruka na mwenyeji hukipita pasipo kutazama. Ukutani kuna mistari ya hudhurungi, mmoja juu ya mwingine, na wenyeji hukuonyesha kwa kidole upi ni wa mwaka gani. Kitanda kimeinuliwa kwa matofali. Vyeti vya shule na hati ya mauziano, iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, vimo ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye boriti ya paa. Nje, viroba vya mchanga vimepangwa kama ngazi kuzuia kingo zisimomonyoke, na kila mwaka ngazi hiyo hurudi nyuma kidogo, maana mto unazidi kutanuka.

Mwaka 2018, mafuriko mengine yalipokuwa yameua watu tena, Serikali kwa msaada wa Benki ya Dunia iliwakusanya wahandisi, maofisa wa wizara, wakazi na madiwani katika mabaraza ya kujadili bonde zima kwa pamoja, na jambo hili lilikuwa geni, kwa kuwa kabla ya hapo kila idara ilikuwa ikiangalia kipande chake. Mpango uliotoka ukazaa Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopitishwa na Benki mwaka 2022 kwa jumla ya dola milioni 260 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki hiyo, na nyongeza zikatoka Hispania na Uholanzi. Mkataba wa kujenga daraja jipya la Jangwani, refu na lililoinuliwa, la mita 390, ulitiwa saini mwaka 2024.

Njia ya mradi huo ya kufanya kazi ni hii. Daraja la sasa ni fupi na liko chini, na mchanga umelijaza tumbo, hata maji yakija kwa wingi hukuta kama boma limeyazuia njia, yakarudi nyuma kuelekea Kigogo na Magomeni. Daraja refu litaiacha njia wazi. Mto wenyewe utachimbwa upya uwe na kina na upana wake, na udongo utakaotoka humo utatumika kuinua kingo ziwe matuta makubwa yenye kujengeka. Katikati, badala ya nyumba, patakuwa bustani ya jiji, itakayokubali kufunikwa na maji siku za masika na kurudi kuwa bustani yakishapungua. Karakana ya mabasi itahama. Wakazi waliokuwa katika eneo la mradi walifanyiwa tathmini, wakalipwa fidia ya majengo, na kwa ardhi, ambayo sheria haikuwatambua kuwa wenyewe, wakapewa kifuta jasho. Wako waliopokea wakanunua kiwanja Chanika au Kisarawe, na wako waliolalamika mbele ya waandishi wa habari kwamba kiasi hicho hakinunui hata choo mahali popote ambapo daladala hufika.

Mimi nauona mradi huu kuwa bora kuliko yote iliyoutangulia, kwa kuwa ni wa kwanza kukubali kwamba mto una haki ya kufurika. Hata hivyo wenzetu waliotangulia wana la kutufunza. Mfereji wa Lachine wa Montreal, uliofunguliwa mwaka 1825 na kuzungukwa na viwanda, ulifungwa mwaka 1970, na ulipofunguliwa tena kwa mashua za matembezi mwaka 2002 tope la chini lilikuwa bado na sumu ya viwanda vilivyokwisha kufa. Seoul nayo ilikifunika kijito chake cha Cheonggyecheon kwa zege kuanzia 1958, ikajenga barabara ya juu, kisha baina ya 2003 na 2005 ikaivunja barabara na kukifunua kijito. Mahali pamekuwa pazuri mno, lakini maji yanayopita humo husukumwa kwa pampu, kwa kuwa kile chanzo cha asili hakikuwa kinatosha. Miji hiyo miwili ilitengeneza sehemu ionekanayo. Tope la chini na maji ya juu vilikuwa habari nyingine.

Na yetu ni hivyo hivyo. Mchanga unaojaza Jangwani hautoki Jangwani. Hutoka Pugu ambako miti hukatwa kwa mkaa, na Kinyerezi na Segerea ambako vilima hukatwa kwa viwanja na mchanga wa mtoni huchimbwa kwa malori, kisha kila kipande cha ardhi kilichoachwa uchi huteremka na mvua. Uchimbaji wa dola milioni nyingi utajazwa tena baada ya masika kadhaa ikiwa vilima havikushikwa, na bustani itanuka ikiwa vyoo vya juu vitaendelea kutapishwa. Serikali imetenga fedha nyingi kwa chini, na chini ndiko wanakoonekana waliozama, hivyo siilaumu kwa kuanzia huko. Lakini fungu la pili, la mamlaka ya maji DAWASA kwa mabomba ya majitaka katika kata za juu, na la wakala wa misitu kwa kulinda Pugu na Kazimzumbwi kwa askari wa kutosha, lazima lije upesi.

Basi msomaji ambaye nyumba yako iko juu, Segerea, Kimara au Tabata, na ambaye mafuriko ya Jangwani huyaona katika televisheni tu, jua kwamba mtaro unaopita nyuma ya ukuta wako unaishia Magomeni. Kabla ya vuli ijayo, ita gari la kunyonya shimo lako, na anayekuletea lori la mchanga muulize ameuchota wapi.